Ilani ya Ukungu Iliyokaa Siku Tatu na Nusu: Kisa cha Orodha ya Barua Pepe ya Wakulima wa Viazi, Mbeya

Jumanne moja ya mwezi Februari, bibi shamba anayehudumia wakulima wa Isongole, kwenye barabara ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, aliona madoa ya ukungu kwenye majani ya viazi mviringo katika mashamba matatu yanayopakana. Alilipindua jani moja, akapiga picha upande wa chini ambako utando mweupe ulikuwa umeanza kuzunguka ukingo wa doa, akaandika aya mbili, kisha akazituma kwa orodha ya barua pepe inayowaunganisha maafisa ugani na wazalishaji wa mbegu za viazi wa Mbeya, Njombe na Iringa. Wanachama wengi waliipata ilani hiyo Ijumaa usiku. Wanachama kumi na mmoja hawakuipata kabisa. Msimamizi wa orodha hiyo nilikuwa mimi, peke yangu, na maelezo haya ni hesabu ya mahali saa zile zilipopotelea.

Kwanza ieleweke kwa nini saa zina uzito katika jambo hili. Ukungu wa viazi, ambao wataalamu huuita bakajani chelewa, husababishwa na kimelea kiitwacho Phytophthora infestans, na hali ya hewa ya nyanda zetu za juu wakati wa masika, yaani ubaridi, ukungu wa hewani wa asubuhi na majani yasiyokauka hadi karibu adhuhuri, ndiyo hali kinayoipenda. Mbegu zake ndogo hupeperushwa na upepo au kurushwa na matone ya mvua, na tangu zinapotua kwenye jani bichi hadi jani hilo lenyewe lianze kutoa mbegu nyingine zinaweza kupita siku chache tu. Dawa ambayo wakulima wengi huimudu, mancozeb, ni dawa ya kinga: hulifunika jani kabla kimelea hakijaingia, na haina uwezo wa kukitoa kikishaingia. Kwa hiyo mkulima wa Uporoto anayesikia Jumanne kwamba ukungu umefika kwa jirani ana jambo la kufanya Jumatano. Akisikia Jumamosi, mara nyingi anachobaki nacho ni kuhesabu hasara.

Nilijua kwamba kuna tatizo Ijumaa jioni, si kwa kuangalia kompyuta bali kwa kupigiwa simu. Nilikuwa Iringa, eneo la Ipogolo, kwenye msiba wa ndugu. Bibi shamba yule, ambaye huniita Mwalimu kwa sababu niliwahi kumfundisha kompyuta, alinisalimia, akanipa pole ya msiba, kisha akasema: “Mwalimu, kama niliandika vibaya, niambie nisahihishe. Lakini usininyamazie.” Alikuwa ameamini kwa siku tatu kwamba niliusoma ujumbe wake na kuamua kutoupitisha. Nitalirudia neno hilo la kunyamaziwa hapo mbele, kwa sababu kwangu ndilo lililokuwa zito kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Niliuachia ujumbe usiku ule ule, saa 3:05. Siku iliyofuata nilianza kuufuatilia nyayo zake. Kila barua pepe hubeba juu yake mistari ambayo msomaji wa kawaida haioni, na kila seva, yaani kompyuta ya kupokea na kupeleka barua, inayoipokea barua hiyo hugonga muhuri wake wenye jina la seva na saa ya kupokea, kama zamani bahasha ilivyokuwa ikigongwa muhuri katika kila posta iliyopitia. Muhuri wa karibuni zaidi hukaa juu, kwa hiyo safari husomwa kuanzia chini kwenda juu. Hapo ni lazima mtu awe mwangalifu na saa. Muhuri mmoja uliandika 05:12 kwa saa za dunia, mwingine 08:12 wenye alama ya +0300, na yote miwili ilikuwa ikisema jambo moja: saa 2:12 asubuhi kwa saa zetu. Mtu asiyejua kuongeza saa tatu angeweza kudhani barua ilikaa njiani saa tatu nzima, akawalaumu wasiohusika.

Simu ya bibi shamba ilikuwa imeandika kwamba alibonyeza kutuma saa 1:40. Kati ya hapo na muhuri wa kwanza kuna dakika 32, nazo ni za mtandao kule milimani. Ujumbe ulisubiri ndani ya simu hadi alipofika barabarani. Kutoka seva yake hadi seva ya orodha zilipita sekunde nne. Baada ya hapo hakuna muhuri wowote hadi Ijumaa saa 3:05 usiku. Kwa hesabu, ujumbe ulikaa saa 84 na dakika 53 ndani ya seva yetu wenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kuulaumu mtandao, na mihuri ile haikuniachia nafasi hiyo.

Sababu ya kuzuiliwa iliandikwa wazi katika kumbukumbu za programu: ujumbe ni mkubwa kupita kiasi kinachoruhusiwa. Tunatumia programu ya Mailman, toleo la zamani la 2.1, na kwa kawaida yake programu hiyo humwekea msimamizi kila ujumbe unaozidi kilobaiti 40 ili auamue kwa mkono. Kiasi hicho kilikuwa na maana katika zama ambazo watu walipokea barua kupitia waya wa simu na ujumbe ulikuwa maandishi matupu. Picha ya jani, hata baada ya simu kuipunguza, ilikuwa na kilobaiti 186. Hatukuwahi kukigusa kiwango hicho tangu orodha ilipoanzishwa. Ina maana kwamba aina ya ujumbe tuliouhitaji kuliko wote, yaani ilani yenye picha kutoka shambani, ndiyo iliyokuwa na hakika ya kuzuiliwa, na ile ya kukumbushana mkutano wa mwezi, ambayo ingeweza kusubiri wiki, ilipita bila kuguswa.

Lakini ujumbe kuzuiliwa kwa ajili ya uamuzi si lazima uchukue siku tatu. Ilichukua siku tatu kwa sababu ya kile kilichokuwa kwenye foleni pamoja nao. Nilipofungua ukurasa wa usimamizi Ijumaa usiku nilikuta jumbe 143 zinazosubiri: mikopo isiyo na dhamana, zawadi za bahati nasibu, dawa za nguvu, ajira za nje, na mbolea ya bei isiyowezekana. Ilani ya ukungu ilikuwa katikati, ya sabini na kitu, kati ya tangazo la mkopo na barua ya mtu anayedai kuwa mrithi wa mali. Kila siku programu ilikuwa imenitumia taarifa kwamba kuna jumbe zinazosubiri, na kila siku taarifa hiyo ilisema idadi kubwa kuliko ya jana, hadi nikazoea kuipita bila kuifungua. Sikuwa mvivu, na sisemi hivi ili kujitetea. Nasema kwa sababu foleni inayojazwa takataka kila siku humfundisha msimamizi, pole pole, kwamba ndani yake hamna kitu.

Utaratibu wa kuzuia kila kisichojulikana niliuweka mimi, na niliuweka kwa sababu halali. Miaka michache kabla ya kisa hiki, mtu asiye mwanachama aliandika kwenye orodha akijifanya ofisi inayosajili wakulima kwa mbolea ya ruzuku, akaomba ada ndogo ya usajili kwa njia ya simu. Ujumbe ulipita, kwa kuwa wakati huo orodha ilikuwa wazi kwa yeyote, na mzee mmoja wa Rungwe alituma fedha. Aliamini kwa sababu ilikuja kupitia kwetu. Siku ile niliapa kwamba hakuna barua ya tapeli itakayowafikia wazee wale tena, na tangu hapo kila ujumbe uliokuwa na dalili yoyote ya ugeni niliuamuru usubiri mkono wangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 20, inakataza kutuma jumbe zisizoombwa kwa nia ya kutenda kosa, lakini sheria haikai mlangoni mwa seva. Anayekaa mlangoni ni msimamizi, na mlango nilioujenga ulimchunga tapeli na bibi shamba kwa ufunguo mmoja.

Sasa nirudi kwenye kunyamaziwa. Kwa kawaida Mailman humjulisha mtumaji kwamba ujumbe wake umezuiliwa na kwa sababu gani. Mimi niliifunga huduma hiyo, nayo pia kwa sababu halali. Utaratibu wa kubadilishana barua pepe kati ya seva uliandikwa mwaka 1982, wakati mitandao ilikuwa ya watu wachache waliofahamiana, na ndani yake hamkuwekwa njia ya kuthibitisha kwamba aliyetajwa kuwa mtumaji ndiye aliyetuma kweli. Tapeli huandika jina la mtu yeyote. Kwa hiyo seva inayojibu kila barua taka kwa upole, “ujumbe wako umezuiliwa,” humtumia jibu hilo mtu asiyehusika ambaye anwani yake iliibwa, nayo seva yenyewe hugeuka kuwa chanzo cha usumbufu na huweza kuwekwa kwenye orodha nyeusi. Nilifunga majibu yote ili kuwaepusha wageni hao. Sikufikiri kwamba nilikuwa nikiwafunga mdomo na wenyeji: mwanachama aliyejiandikisha, ambaye anwani yake tunaijua na ambaye amekuwa akituandikia kwa miaka, alistahili mstari mmoja wa kumwambia kwamba picha yake ni kubwa. Angeipata saa 2:13 asubuhi, angetuma maandishi bila picha, na kisa chote kingeishia hapo.

Baada ya kuachiwa Ijumaa usiku, ilani ilifika kwa wengi ndani ya dakika mbili. Hata hivyo, wanachama wenye anwani za taasisi moja ya mkoani waliipata Jumamosi saa 12:40 asubuhi, saa tisa na nusu baadaye. Hapa napo mihuri ilisaidia. Seva ya taasisi hiyo hutumia njia inayojulikana kama orodha ya kijivu, iliyopendekezwa mwaka 2003: barua inayotoka kwa seva isiyofahamika hukataliwa kwa muda, kwa jibu la namba 451 lenye maana ya “jaribu tena baadaye.” Seva halali hurudi, kwa sababu utaratibu wa barua pepe unaitaka ingoje angalau nusu saa hivi, ijaribu tena, na iendelee kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Mashine nyingi za kurusha barua taka hazirudi, kwa kuwa hazina foleni. Ni hila nzuri, na kwa kawaida gharama yake ni nusu saa kwa barua ya kwanza tu, kwa kuwa mlinzi hukumbuka mambo matatu, yaani anwani ya mashine iliyoleta, mtumaji na mpokeaji, na akishayaona pamoja huyaruhusu.

Tatizo letu ni kwamba kampuni tunayokodi kwake seva ilikuwa ikitoa barua kupitia mashine kadhaa kwa zamu. Jaribio la kwanza lilitoka kwenye mashine moja, la pili kwenye nyingine, la tatu kwenye nyingine tena, na kila mara mlinzi wa upande wa pili aliona sura mpya mlangoni na kusema njoo baadaye. Ni pale tu mashine ya awali ilipozungukiwa na zamu tena ndipo barua ilipopokelewa. Hakuna aliyekosea katika hilo, kila upande ulifuata kanuni zake, na wapokeaji walipoteza usiku mzima.

Wale kumi na mmoja walinichukua wiki mbili kuwaelewa. Walikuwa wanachama hai, wenye anwani zinazofanya kazi, lakini programu ilikuwa imewaweka kwenye hali ya kutopelekewa barua. Sababu ilikuwa mbali na wao. Mwezi Aprili 2014 kampuni ya Yahoo ilitangaza, kupitia utaratibu uitwao DMARC, kwamba barua yoyote inayodai kutoka kwenye anwani zake bila uthibitisho ikataliwe na seva zote duniani. Barua inaweza kuthibitishwa kwa njia mbili: kwa kulinganisha seva iliyoileta na zile zilizoruhusiwa na mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani, au kwa saini ya kidijiti iliyopigwa juu ya maandishi yake. Orodha kama yetu huvunja zote mbili. Barua ya mwanachama hupokelewa na kutumwa upya na seva yetu, isiyoruhusiwa na Yahoo, na njiani tunaongeza jina la orodha kwenye kichwa cha habari na mstari wa anwani chini, jambo linaloharibu saini.

Kwa hiyo kila mara mwanachama wa Tukuyu mwenye anwani ya Yahoo alipoandika, seva za baadhi ya wapokeaji ziliikataa barua na kuirudisha kwetu. Mailman huhesabu barua zinazorudi, na kwa kawaida yake mpokeaji akifikisha alama tano husimamishwa, kwa dhana kwamba anwani yake imekufa. Mtu wa Makete aliadhibiwa kwa sababu mtu wa Tukuyu aliandika sana. Mmoja wa hao kumi na mmoja, mkulima wa mbegu huko Makete, alipata habari za ukungu sokoni, Jumatatu iliyofuata. Alipulizia dawa siku hiyo hiyo. Nilipomtembelea mwezi Machi alinionyesha kipande cha chini cha shamba lake, karibu na kijito, ambako mashina yalikuwa yamesimama meusi bila jani, na hakunilaumu kwa neno lolote, kwa sababu hakujua kwamba kulikuwa na barua iliyopaswa kumfikia. Nilimweleza mimi mwenyewe.

Marekebisho tuliyoyafanya yalitokana na jambo moja ambalo mihuri ile ilinionyesha: mgeni na mwenyeji wasipimwe kwa mizani moja. Mwanachama mpya ujumbe wake wa kwanza unasubiri kuonwa na mtu, kwa kuwa matapeli nao hujiandikisha, lakini akishaandika jambo la kweli zuio linaondolewa na hasubiri tena. Kiwango cha ukubwa kimepandishwa hadi kilobaiti 500, kinachotosha picha ya jani na hakimtozi mpokeaji bando kubwa. Barua za wasio wanachama ambazo kichujio cha maudhui kinazipa alama ya juu kabisa hutupwa pale pale bila jibu na bila kuingia kwenye foleni, na zenye shaka peke yake ndizo zinazobaki. Foleni imepungua hadi jumbe tatu au nne kwa siku, nami naweza kuzisoma zote kabla chai haijapoa. Mwanachama akizuiliwa kwa sababu yoyote hupata taarifa papo hapo, mgeni hapati.

Kwa upande wa Yahoo na kampuni nyingine zilizofuata njia hiyo, tuliiwezesha programu iandike anwani ya orodha mahali pa mtumaji, na jina la mwandishi lionekane likiwa na maneno “kupitia orodha.” Baadhi ya wazee hawakupendezwa, wakiona kama barua zao zimevuliwa jina, na malalamiko yao yana haki. Sikupata njia iliyo bora zaidi kwa programu tuliyo nayo. Kampuni ya seva nayo ilikubali kutupa mashine moja isiyobadilika ya kutolea barua.

Usimamizi sasa ni wa watu watatu, mmoja Mbeya, mmoja Njombe na mmoja Mafinga, kwa zamu ya wiki, na aliye zamu huangalia foleni saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 3 usiku. Palitokea pendekezo kwamba ujumbe wenye neno ILANI kwenye kichwa cha habari upite bila kuzuiliwa. Nililipinga, kwa sababu tapeli angelijifunza neno hilo kwa siku moja. Tulichokubaliana ni kwamba neno hilo, likitoka kwa mwanachama, hutuma ujumbe mfupi kwenye simu ya aliye zamu ili afungue foleni saa hiyo hiyo, hata kama yuko msibani. Wengine walitaka tuhamie WhatsApp moja kwa moja. Makundi ya WhatsApp tunayo, na habari huenda kwa kasi humo, lakini mtu anayetaka kujua mwaka juzi ukungu ulianzia kijiji gani hawezi kuipata habari hiyo chini ya salamu na picha za harusi, na maafisa wengi hufanya kazi zao rasmi kwa barua pepe. Kumbukumbu ya orodha ndiyo mali yetu kubwa.

Uhuru tuliowapa wanachama umetugharimu mara moja hadi sasa. Mwezi Mei, anwani ya mwanachama mmoja iliibwa, na tangazo la mikopo likawafikia watu wote kwa jina lake, bila kuzuiliwa, kwa kuwa alikuwa mwenyeji anayeaminika. Aliye zamu, mwenzetu wa Mafinga, alimwekea zuio baada ya dakika ishirini, akawaandikia wanachama wote wasilijibu, na mimi nikampigia simu mzee yule wa Rungwe aliyewahi kutapeliwa, nimweleze kwa mdomo. Alikuwa ameliona. Alisema hakulibofya, kwa sababu mwenye jina lile ni mtoto wa jirani yake na hana fedha za kumkopesha mtu. Baada ya hapo bibi shamba wa Isongole aliuliza kwenye orodha kama tutarudi kwenye utaratibu wa zamani. Nilimjibu mbele ya wote kwamba hatutarudi.